Namba Kichwani

Nilitoka Taveta na mashati mawili na jina langu, Mwadime.
Iringa, pale Ipogolo, kondakta alilisoma kwenye tiketi
akacheka: "Mwa-nani? Kumbe wewe wetu!"
akanimwagia Kinyakyusa hadi nikaona haya.
Nikaitikia tu. Mtu akikuita ndugu ugenini
ni vigumu kumwambia amekosea.

Nilikuwa namfuata mwanamke wa maparachichi.
Atuganile alikuja kwetu kudai pesa za mzigo,
akakaa wiki tatu, hakulipwa, akanipata mimi,
mpima mizani wa soko.
"Ukija Mbeya shuka Nane Nane. Nitakuwepo."
Nikaiandika namba yake kwenye simu,
nikaiwekea moyo mwekundu pembeni,
nikaona nimeshajua kupenda.

Tiketi ilisema moja kwa moja.
Barabara haikuisoma.
Kitonga, lori la mbolea lilikuwa limelala kwenye kona
kama ng'ombe aliyekataa mnada.
Tukashuka, tukahesabu nyani mpaka wakatuchoka.
Mafinga yule yule aliyeniita wetu akatangaza
gari linaishia hapa, pandeni lile,
nauli mtaelewana huko huko.
Hatukuelewana.

Kwenye lile la pili nilikaa na kijana mpole,
Sanga, wa Makete, mwenye waya wa kuchajia.
Aliniuliza hali ya mama. Alikuwa na hindi la kuchoma,
akalivunja katikati kwa kipimo ambacho hata mimi,
mtu wa mizani, nisingekipata.
Nikampa simu. Nikalala.
Makambako nilifumbua jicho moja, nikaona ukungu.
Igawa nikafumbua yote mawili:
kiti kitupu, gunzi langu mkononi.

Na Atuganile alikuwa ndani ya ile simu,
tarakimu zote kumi.

Nane Nane, saa nane za usiku, mwezi wa sita.
Baridi ya Mbeya haibishi hodi, ina ufunguo wake.
Mama wa chai, Tupokigwe, alinitazama viatu kabla ya uso.
"Ugonile," akasema.
"Salama," nikajibu.
Akajua.
Hakuniamini, na aliniambia wazi kwamba haniamini,
akanipa kisu na ndoo ya viazi.
Siku tatu nilimenya. Kila jioni alikihesabu kisu,
kisu chenyewe kimoja.
Lakini ni yeye aliyenilaza karibu na jiko.

Siku ya nne, Uyole, nyuma ya kreti,
nikasikia sauti ikibishana juu ya kilo.
Hakukimbia. Hakunikumbatia. Alimaliza kupima.
"Nilisimama pale tangu saa sita mchana
hadi walinzi wakanijua jina.
Nikapiga. Akapokea mwanaume, akasema umelala."

Haukuwa uongo.
Nilikuwa nimelala kweli.

Nikaeleza lori, Mafinga, gunzi.
Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mnunuzi.
"Njia umeijua yote, kona kwa kona.
Namba yangu je?"

Akanifundisha pale pale, wapagazi wakitucheka,
tarakimu moja, parachichi moja ndani ya mfuko,
nikirudia kama mtoto wa chekechea.
Kisha akaufunga mfuko,
akanikatia tiketi ya kurudi, mwenyewe, dirishani,
akaisoma mara mbili mbele na nyuma.
"Ukifika kwenu azima simu yoyote.
Unipigie bila kumuuliza mtu."

Sasa tunashuka Kitonga.
Jirani amenikaribisha karanga; nimezila,
na mfuko nimeupakata.
Kila kona nataja tarakimu: sifuri, saba...
Maparachichi yameanza kulainika chini,
yale ya mwanzo, niliyofundishwa kwanza.
Ya nane inanisumbua. Ni tatu au ni sita?
Nangoja kona inayofuata,
naanza tena.